Galatoni: kupima gitaa kavu la bei nafuu

Gitaa kavu ni gitaa lisilotumia umeme. Sauti yake hutoka kwenye sanduku la mbao lenye tundu. Wanamuziki wakongwe huliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa na Eric Gallo mwaka 1926. Gallo iliuza santuri na magitaa pia, na magitaa yake ya bei rahisi yalisambaa hata jina la chapa likawa jina la chombo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Kongo, leo Likasi, na santuri zake zikatolewa na Gallo. Mpigo wa Bosco wa kidole gumba na cha shahada, ukisindikizwa na Kiswahili cha Katanga, ndio wengi wanaoukumbuka wanaposikia neno galatoni.

Mbagala, wilayani Temeke, Dar es Salaam, anayetafuta gitaa la namna hiyo leo hukutana na la aina mbili. Lipo jipya kutoka kiwandani, lililopakwa kahawia inayofifia kuwa manjano katikati, pengine na mkia wa chuma wa kushikia nyuzi. Lipo pia la mtumba, ambalo huenda limekwisha kupitia kwaya mbili tatu. Yote mawili huuzwa kwa sura kwanza. Sura hiyo haiongezi hata chembe ya sauti, na galatoni za awali zenyewe zilikuwa magitaa ya watu wa kipato kidogo. Gallotone Champion aliyoipiga mwanamuziki John Lennon mwaka 1957 ilikuwa na kibandiko ndani kilichodhamini kwamba haitapasuka. Mwaka 1999 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 150,000, bei iliyotokana na mikono iliyoishika.

Kibandiko kile kina funzo kwa mtu wa pwani. Mbao za tabaka, yaani plaiwudi, hazipasuki kirahisi kwa sababu nyuzinyuzi za kila tabaka hukatana na za tabaka linalofuata. Ubao mzima usio na tabaka hutoa sauti pana zaidi na huzidi kufunguka kadiri unavyopigwa, lakini hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ya Dar es Salaam mara nyingi huzidi 70, na chumba cha bati kisicho na dari huwaka mchana kiasi kinachoweza kulegeza gundi. Kutambua ni rahisi: tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, ni ubao mzima. Yakionekana matabaka, ni plaiwudi. Kulidharau gitaa kwa sababu ya plaiwudi pekee ni kosa.

Thamani kubwa iko kwenye shingo. Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 au zaidi, mchana na usiku, na shingo dhaifu hupinda. Funga jicho moja, tazama kutoka kichwani kuelekea sandukuni kama seremala anavyokagua ubao. Inatakiwa iwe imenyooka, na bonde dogo sana katikati. Kisha pima nafasi kati ya uzi mnene na freti ya 12, yaani chuma chembamba cha 12 kinachokatiza shingo: milimita 2 hadi 3 inafaa, ikifika 5, vidole vya mwanafunzi vitaumia na ataacha. Ulizia chuma cha kurekebishia shingo kilichopita ndani yake. Kama hakipo, au kama shingo imezama pale inapoungana na sanduku, matengenezo yanaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Jaribio linalosahaulika zaidi ni la freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kuubana, piga, sauti nyembamba italia. Kisha ubane hapohapo upige tena. Sauti mbili zisipofanana, ama nyuzi zimechakaa au ziko juu mno, ama daraja, kipande kinachobeba nyuzi juu ya sanduku, limewekwa mahali pasipo pake. Hilo la mwisho ndilo baya: kama daraja limegundishwa, gitaa hilo halitapatana kamwe na kinanda cha kanisani, hata lityuniwe na nani.

Pitisha ukingo wa karatasi chini ya daraja lililogundishwa. Ukiingia, gundi imeachia. Ncha za freti zinazokwaruza kiganja husuguliwa kwa tupa, na vishikio vya kukazia nyuzi hubadilishwa, kwa hiyo kasoro hizo ziwe hoja ya kupunguziwa bei tu. Weusi wa ubao wa freti nao hudanganya. Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala inaelekea kusini kwenye misitu ya mpingo, mti wa mbao nyeusi unaotengenezewa klarineti duniani kote; lakini kwenye magitaa ya bei ya chini weusi mara nyingi ni rangi, na kitambaa chenye maji wakati mwingine huibuka nayo.

Mwisho gitaa lipigwe kwa gumba na shahada, polepole, kila uzi usikike peke yake. Kwa mnunuzi anayeanza kujifunza, gitaa la plaiwudi lenye shingo iliyonyooka na chuma cha kurekebishia ndilo la kuchukua, hata kama rangi yake imebanduka.