Kitale haina majengo ya kale? Angalia chini kwanza

Wasee wa Nairobi wakija Kitale huniuliza swali moja: "Hapa kwenu kuna majengo gani ya kihistoria?" Wanazunguka mjini kidogo, wanaona maduka, steji na magunia ya mahindi, kisha wanaamua hakuna kitu. Heri Lamu.

Sina shida na Lamu. Mji wake wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Fort Jesus kule Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, iliingia 2011. Zinastahili kabisa. Shida yangu ni kipimo. Tumezoea kwamba historia lazima iwe ukuta wa mawe, tena uwe unatoka poa kwa selfi. Ukitumia kipimo hicho, Kitale inaanza na mzungu: walowezi, reli ya kutoka Eldoret iliyofika 1926, na Kanali Stoneham ambaye mwaka huohuo alianzisha makumbusho yake binafsi. Alipofariki 1966 aliachia taifa mkusanyo wake pamoja na pesa za kujenga, na jengo la Makumbusho ya Kitale likafunguliwa 1974. Pitia hapo, ni pazuri. Lakini kabla ya hao wote, watu walikuwa wanalala wapi?

Huku watu wengi walijenga kwa udongo na miti. Miti huoza, kwa hivyo kilichobaki kiko chini.

Anza na mashimo ya Sirikwa. Ukiona kwenye mteremko shimo la duara lililoota nyasi, usidhani mtu alichimba murram. Kati ya karne ya 12 na ya 18 hivi, wafugaji wa nyanda hizi walichimba mazizi ndani ya kilima, mlango ukiwa upande wa chini, na nyumba ikishikana na zizi. Ng'ombe walilala pale, salama kutokana na baridi na wezi. Samadi na matope yalitolewa nje ya mlango hadi yakawa kichuguu. Wazee Wakalenjin huwataja Wasirikwa kama watu waliotangulia. Manze, hiyo ni ramani ya nyumba, na imechorwa ardhini!

Kisha panda Mlima Elgon, kwenye mapango. Joseph Thomson alipofika huko 1883, alikuta watu wanaishi ndani pamoja na mifugo yao. Badala ya kuwapa heshima wenyeji, aliandika kwamba lazima kuna taifa fulani lenye nguvu lililochimba mapango hayo zamani sana, akajiuliza kama Wamisri walifika huku. Leo tunajua mapango ni ya asili, na kule Kitum ndovu bado huingia kukwangua chumvi ukutani. Lakini ona ile tabia: mtu anaona makao ya watu mbele ya macho yake, halafu anawatafuta wenyewe Misri. Tofauti yake na msee anayesema Kitale hakuna kitu iko wapi?

Ukishuka barabara ya Kitale hadi Webuye, kuna kilima cha Chetambe. Wabukusu walikuwa na vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, walivyoviita lukoba. Mwaka 1895, Waingereza wakiongozwa na Hobley waliwashambulia kwanza Lumboka, kisha hapo Chetambe. Ukuta ule ulitosha kwa mikuki, lakini haukutosha kwa bunduki. Watu wengi sana walikufa.

Sasa hili ndilo linalonikosesha usingizi. Jengo la mawe likibomolewa, watu hupiga kelele. Shimo la Sirikwa likijazwa ili mahindi yapate nafasi, nani atajua? Trekta ikipita misimu michache, miaka mia tano imefutika. Hata simlaumu mkulima, maana hakuna aliyemwambia ni nini. Shuleni tulifundishwa Fort Jesus, na shimo lililo nyuma ya shamba la jirani halikutajwa hata siku moja.

Kwa hivyo mgeni, karibu Saboti, karibu Kitale na Bungoma. Ukishaona mji, tafuta mzee umuulize ardhi ya hapo ina nini. Na wewe ambaye babako ana shamba lenye shimo la duara, muulize leo, kabla trekta haijaja.