Gambiti: ngwala au chambo?

Neno hili limetoka mguuni. Kwa Kiitaliano *gamba* ni mguu, na *gambetto* ni ule mguu unaomtegea mwenzako aanguke. Kasisi Mhispania Ruy López alilitumia katika kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1561, likasambaa Ulaya nzima. Kwa asili, basi, gambiti ni ngwala. Ningependa tuiite hivyo, ila mchezo wenyewe unakataa.

Ngwala hupigwa kwa kushtukiza. Gambiti huchezwa mchana kweupe. Mwanzoni mwa mchezo unamsogeza askari mahali pa kuliwa, mpinzani akikutazama. Akila, amepata askari lakini amepoteza hatua. Wewe unatoa farasi na maaskofu mapema au unashika katikati ya ubao. Hicho ni chambo. Wako wanaosema “mtego”, nami siafiki: mtego hufichwa, na ukionekana umekwisha kazi. Gambiti inajulikana kwa jina, imeandikwa vitabuni, na bado watu wanaila.

Isichanganywe na kafara pia. London, mwaka 1851, Adolf Anderssen alifungua kwa gambiti ya mfalme dhidi ya Lionel Kieseritzky. Askari yule wa mwanzo alikuwa chambo. Baadaye alitoa askofu, ngome zote mbili na malkia, kisha akamfunga mfalme kwa farasi wawili na askofu aliyebaki. Hizo ndizo kafara.

Wacheza drafti wa barazani watauliza: si ndiyo kulisha? Karibu, lakini siyo. Kwenye drafti kula ni lazima, kwa hiyo anayelishwa anaburutwa. Kwenye sataranji unaweza kukipita chambo kama samaki aliyeshiba, na gambiti ya malkia iliyokataliwa ni mwanzo unaoheshimika sana.

Hapo kwenye malkia ndipo tafsiri inapoteleza. “Chambo cha malkia” humfanya msomaji adhani malkia ndiye anayetolewa. Kumbe anayetolewa ni askari wa mbele ya askofu, upande wa malkia. Malkia hajasogea hata kidogo. Afadhali “chambo cha upande wa malkia”, ingawa ni jina refu. Tena mweusi akimla askari huyo, kumshikilia ni kazi ngumu. Mara nyingi mweupe hurudisha chake baada ya hatua chache, naye ameshatawala katikati ya ubao.