Flashi yako inasinki polepole? Pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Mwalimu anahamisha maksi kutoka kompyuta ya shule kwenda laptopu ya nyumbani. Mwanafunzi anazunguka na tasnifu yake mfukoni. Mwenye duka ana hesabu za mwaka mzima humo humo. Kutumia flashi kusawazisha mafolda, au "kusinki" kama wengi tunavyosema, hakuli bando wala hakuhitaji intaneti, ndiyo maana bado kuna watu wengi wanaofanya hivyo.

Shida inaanza pale kazi ya dakika 2 inapogeuka nusu saa, mtu anachoka kusubiri, anaichomoa flashi katikati. Hapo ndipo mafaili yanapoharibika.

Kuchelewa huku kuna vyanzo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna flashi inayoandika polepole yenyewe, halafu kuna programu inayokopi upya vitu ambavyo hata havijabadilika. Dawa zake hazifanani, kwa hiyo pima kwanza.

Kipimo cha dakika chache

Chukua faili moja kubwa, kwa mfano filamu ya GB 1, likopi kwenda kwenye flashi huku ukiangalia saa. Kisha kopi folda la ukubwa huo huo lililojaa mafaili madogo madogo. MB 1,000 zikiingia kwa sekunde 100, flashi yako inaandika MB 10 kwa sekunde. Usishangae ukiona spidi inaanza juu halafu inaporomoka: mwanzoni data hupokelewa haraka kwenye sehemu ya muda, ikijaa ndipo unaiona kasi ya kweli.

Faili kubwa likienda vizuri na madogo yakasuasua, hiyo ni tabia ya flashi zote, hasa za bei rahisi. Ndani ya flashi data haifutwi kidogo kidogo, hufutwa kwa vipande vikubwa. Ukibadilisha faili la KB 4 tu, flashi inaweza kulazimika kuhamisha data nyingine nyingi ili kulipatia nafasi. Zidisha hilo kwa mafaili 10,000.

Cha kufanya: vitu vya zamani ambavyo huvigusi, kama picha za mwaka juzi, vifunge kwenye faili moja la zip. Kwenye programu ya kusinki, ondoa mafolda ya muda ambayo kompyuta hujitengenezea yenyewe. Hayana kazi yoyote kwenye flashi.

Kama hata faili kubwa linatambaa, angalia tundu. USB 2.0 inaishia megabiti 480 kwa sekunde, ambazo kwa matumizi halisi ni kama MB 30 hadi 40. USB 3.0 inafika gigabiti 5, na mara nyingi tundu lake lina plastiki ya bluu ndani. Chomeka moja kwa moja, siyo kupitia kigawanyio au waya wa kurefusha. Ila usidanganyike na maandishi ya kwenye pakiti. Namba kubwa pale kwa kawaida ni kasi ya kusoma, na ya kuandika inaweza kuwa ndogo mno.

Sinki mara mbili mfululizo

Hiki ndicho kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Maliza kusinki, kisha bila kugusa faili lolote, bonyeza sinki tena. Mara ya pili programu inatakiwa iseme hakuna cha kukopi, au imalize upesi. Ikianza kukopi kila kitu upya, flashi haina kosa. Kosa liko kwenye saa.

Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa na fomati ya FAT32. Fomati hii inaandika muda wa faili kwa kuruka sekunde mbili mbili. Faili ulilolihifadhi saa 10:15:07 kwenye kompyuta linaweza kusomeka 10:15:08 kwenye flashi. Programu inaona muda umetofautiana, inaamua faili limebadilika, inalikopi tena. Kesho hivyo hivyo.

Tiba yake ni kuiambia programu ivumilie tofauti ya sekunde 2. FreeFileSync huja na uvumilivu huo tayari. Ukitumia Robocopy ya Windows, ongeza /FFT kwenye amri yako. Kwenye rsync, ongeza --modify-window=2.

FAT32 ina kasoro nyingine mbaya zaidi: inaandika saa ya ukutani tu, bila kutaja ni saa za eneo gani. Ukiwa na laptopu iliyotoka nje ambayo bado imesetiwa saa za Marekani, na kompyuta ya ofisini iko saa za Afrika Mashariki, faili ulilolihariri leo kwenye laptopu linaweza kuonekana la jana. Programu italifunika kwa lile la zamani. Hapo siyo kuchelewa tena, ni kazi kupotea. Hakikisha kompyuta zote mbili ziko kwenye saa za eneo moja kabla ya kusinki chochote.

Unaweza pia kubadili fomati kuwa exFAT. Hii inatunza muda kwa usahihi zaidi, inaweza kutunza saa za eneo, na inapokea faili linalozidi GB 4, kitu ambacho FAT32 hukataa. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha mafaili kwanza. Na redio za gari na televisheni za zamani huwa zinaigomea exFAT.

Mpangilio wa Windows

Tangu Windows 10 toleo la 1809, kompyuta husetiwa ili uweze kuchomoa flashi haraka, hata kama kuandika kutachelewa kidogo. Kwenye Device Manager, ukifungua Properties za flashi, sehemu ya Policies, unaweza kuchagua "Better performance". Mafaili madogo yatakwenda haraka zaidi, lakini sharti u-Eject kila mara kabla ya kuchomoa. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, mahali ambapo umeme unakatika bila taarifa, mimi sishauri. Data iliyokuwa inasubiri kuandikwa inapotea yote.

Antivirusi nayo inachelewesha kwa sababu inakagua kila faili. Usiizime. Flashi inayoingia kwenye kompyuta za steshenari kila wiki inahitaji kukaguliwa kuliko hata kompyuta yako.

Ikiwa flashi ni feki au inakufa

Kuna flashi zinazouzwa kama GB 64 wakati ndani zina nafasi ndogo sana. Zinakubali kupokea mafaili, lakini nafasi halisi ikiisha yanayofuata hayafunguki. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi data kisha huisoma tena, na itakuambia ukubwa wa kweli. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Flashi ikiwa tupu ndiyo kipimo hiki kinafaa zaidi.

Na kama flashi iliyokuwa nzima imeanza ghafla kukwama kwenye faili lile lile, kujitoa yenyewe, au kukataa kuandikwa, usifomati na usisinki. Kusinki kutoka kwenye flashi mgonjwa kunaweza kupeleka mafaili mabovu hadi kwenye kompyuta. Toa unachoweza kukitoa leo, kiweke kwenye folda jipya pembeni, kisha fungua mafaili moja moja kabla hujafuta nakala yoyote ya zamani.