Si kila mti unaovumilia jua unafaa kupandwa bustanini

UKIPITA katika mitaa ya Garissa, Voi au Malindi mwezi wa Februari, si ajabu kumwona mtu ameshika mpira wa maji akinywesha nyasi zilizoletwa kutoka nchi ya mvua. Nyasi hizo zitapendeza kwa siku mbili, kisha zitakauka, naye atarudi tena na mpira wake. Huenda jirani yake wakati huo huo anahesabu mitungi ya maji aliyonunua kwa mwenye mkokoteni.

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikosekana au zikapungua misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi ya kaskazini na mashariki. Katika hali hiyo, bustani ya nyumbani si suala la urembo pekee. Ni suala la maji.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chini ya jua kali, uwanja wa nyasi waweza kupoteza milimita tano hivi kwa siku. Mwenye uwanja wa mita 100 za mraba, akitaka ubaki kijani, atahitaji lita 500 kila siku. Hiyo ni mitungi 25 ya lita 20.

Jawabu ambalo wengi hulitoa ni kupanda mimea inayovumilia ukame. Jawabu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu. Mmea waweza kuvumilia ukame na bado ukawa balaa. Nusu ya pili ni kuuliza umetoka wapi.

<b>Funzo la mathenge</b>

Watu wa Baringo hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mathenge (Prosopis juliflora), mti wenye asili ya Amerika, uliletwa nchini na kusambazwa katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni. Ukame haukuuweza. Lakini ulienea ukafunga malisho na njia za maji, na miiba yake ikajeruhi watu na mifugo. Maganda yake matamu yaliharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa jamii ya Ilchamus waliishtaki Serikali katika Mahakama Kuu, na miongoni mwa vielelezo vyao alikuwemo mbuzi asiye na meno.

Majina nayo hudanganya. Mwarobaini, ambao baadhi ya watu wa Pwani huuita mkilifi, una jina la Kiswahili na umeaminiwa kuwa tiba ya maradhi arobaini. Hata hivyo asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani za Asia. Ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na katika sehemu kadhaa za Pwani mti huo umejipenyeza katika misitu ya asili. Mkwaju ni kinyume chake. Jina lake la kisayansi, Tamarindus indica, laashiria India, ilhali wataalamu wa mimea wanasema chimbuko lake ni Afrika. Anayechagua kwa kusikia jina tu atamfukuza mwenyeji na kumkaribisha mgeni.

<b>Kupanga uwanja</b>

Kabla ya kununua mche wowote, tazama jua na maji. Jua linalotesha nyumba zaidi ni la alasiri, kwa hivyo mti wa kivuli hufaa zaidi upande wa magharibi. Angalia pia maji ya mvua yanapita wapi. Paa la mita 100 za mraba, katika eneo lenye mvua ya milimita 300 kwa mwaka, hupokea lita 30,000, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Maji hayo yakiongozwa kwenye tangi lililofunikwa, au kwenye mashina ya miti, yana faida kuliko yakiachwa yachimbe mitaro ua mzima.

Wengi hufagia uwanja ukabaki mtupu kwa kuogopa nyoka. Hofu hiyo ina msingi, lakini haihitaji kufyeka kila kitu. Acha nafasi safi ya mita mbili au tatu kuzunguka nyumba, iweke changarawe, kisha mimea ianzie hapo. Matawi yasiguse paa wala madirisha.

<b>Miti ya kivuli</b>

Mkwaju hukua polepole lakini hudumu vizazi. Kivuli chake ni kizito na ukwaju wake hutiwa katika vinywaji na mapishi. Uwe mbali na kuta, kwa maana hupanuka sana.

Mgunga wa mwavuli (Vachellia tortilis), ambao vitabu vya zamani huuita Acacia, huvumilia ukame mkali na maganda yake ni chakula cha mbuzi. Miiba yake haifai mahali watoto wanapocheza pekupeku. Uweke pembezoni.

Mukau (Melia volkensii) ni mti wa nyanda kavu za Afrika Mashariki, na wakazi wa Kitui na Makueni wanaufahamu vyema. Mbao zake hazishambuliwi kwa urahisi na mchwa. Mbegu zake ni ngumu kuotesha, hivyo ni afadhali kununua miche. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini (KEFRI) imefanya kazi kubwa ya kuuboresha katika kituo chake cha Kitui.

Mswaki (Salvadora persica), ule ule ambao vijiti vyake husafishia meno, hubaki kijani wakati wa kiangazi na huvumilia udongo wenye chumvi. Kwa nyumba za karibu na bahari ni chaguo zuri, sawa na mkoma, ambao majani yake husukwa mikeka na vikapu.

<b>Ua na maua</b>

Kwa ua, mnyaa (Euphorbia tirucalli) huota kwa kuchomeka tawi tu. Tahadhari ni kwamba utomvu wake mweupe unaweza kudhuru macho vibaya. Ukata ukiwa umejikinga, na usiupande karibu na mahali pa watoto. Miti ya jamii ya manemane (Commiphora) nayo huota kwa matawi yanayochomekwa kabla ya mvua, na kwa miaka mingi imetumiwa kuwa nguzo hai za ua.

Anayependa maua hatakosa. Waridi la jangwani (Adenium obesum) huhifadhi maji katika shina lake lililovimba, na huchanua waridi wakati kila kitu kingine kimekauka. Utomvu wake ni sumu iliyokuwa ikipakwa kwenye mishale. Mishubiri hutoa maua mekundu, ya manjano na ya rangi ya machungwa ambayo huwavuta ndege aina ya chozi. Mikonge ya porini (Sansevieria) hustawi hata chini ya kivuli kikavu. Isichanganywe na mkonge wa mashambani, ambao ulitoka Mexico.

Kwa anayetaka nyasi, ukoka unatosha. Hukauka kiangazi na hufufuka mvua ikirudi. Uwe wa sehemu ndogo mnapokaa, si wa uwanja mzima.

<b>Mwaka wa kwanza ndio mgumu</b>

Kosa kubwa ni kudhani kwamba mmea wa nchi kavu hauhitaji maji tangu siku unapopandwa. Mche uliotoka kitaluni haujapata mizizi mirefu. Upande mwanzoni mwa mvua, Machi au Oktoba, na uchimbe kisahani cha udongo kuuzunguka ili maji yasikimbie. Katika mwaka wa kwanza, lita 10 hadi 20 mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi ni bora kuliko kikombe kimoja kila siku. Maji yanayozama chini huivuta mizizi ishuke, na maji ya juu juu huifanya ibaki karibu na jua. Mwagilia alfajiri au jioni.

Funika udongo kwa matandazo, lakini yasiguse shina. Penye mchwa wengi, tumia kokoto badala ya majani makavu, kwani majani hayo huwaalika mchwa hadi kwenye mche. Baada ya mwaka wa pili, mingi ya mimea hii haitakudai maji tena.

<b>Using'oe porini</b>

Haina maana kuipenda mimea ya asili kwa kuiangamiza inakotoka. Mishubiri ya porini inalindwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2022, mibuyu mikubwa ya Kilifi iling'olewa ili ipelekwe Georgia, kukazuka malalamiko, na mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Makaya ya Wamijikenda, ambayo mwaka 2008 yaliingia katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia, yamehifadhi mimea mingi ya Pwani kwa sababu wazee walikataza kuikata. Hayo si vitalu vya bure.

Nunua miche, au kusanya mbegu chache mahali unaporuhusiwa. Mbegu za mgunga zina ganda gumu. Chemsha maji, yaondoe motoni, zitie humo na uziache hadi kesho yake ndipo uzipande. Ukinunua kitaluni, muulize mwuzaji jina la mmea, kisha muulize swali la pili ambalo wanunuzi wengi hulisahau: asili yake ni wapi?