Rufiji: Mto wa Mlau na wa Maji

Mto Rufiji, unaoanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, uliwafundisha wakazi wa bondeni kuyangoja mafuriko badala ya kuyakimbia. Mpunga ulipandwa kwa mvua za mwanzo wa mwaka, ukarefuka kadiri maji yalivyojaa. Yalipopwa, mahindi, kunde na maboga yalitiwa katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo ambacho Warufiji hukiita mlau. Wakati wa kuamia mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, familia zilihamia kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo.

Kwa mkulima wa namna hiyo maji haba ni njaa, na yaliyozidi ni njaa vilevile, hivyo si ajabu kwamba mto wenyewe ulikuwa na madhabahu. Huko Kibesa mahujaji walipeleka sadaka kwa Bokero, mzimu wa mto, wakiomba mvua na rutuba, na Hongo, pepo wa majini, alihesabiwa miongoni mwa wajumbe wake.

Imani hiyo ya shambani ndiyo iliyobeba Vita vya Maji Maji. Utawala wa Wajerumani ulipowalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja, na hivyo kuwanyang'anya siku za kushughulikia chakula chao, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kupandwa na Hongo mwaka 1904, alianza kugawa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za nafaka, yakiaminiwa kuzizuia risasi. Wanaoyaona maji hayo kuwa hadaa ya mganga mmoja hukosea, kwa kuwa aliyepokea dawa hiyo alikwisha kuzoea kuutegemea mto kwa uhai wake. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa pamba. Kinjikitile akanyongwa mwanzoni mwa Agosti, lakini vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyosababishwa na Wajerumani kuchoma mazao na maghala iliua watu wengi kuliko bunduki.

Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia wakulima wengi kwenye miinuko, mbali na madungu yao. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa, na tangu hapo kimo cha maji bondeni hutegemea pia milango ya bwawa.