Vinyago vya Kuazima: Terry Hirst, Benson Wanjau na Sauti ya Mtu wa Kawaida

Mwaka wa 2015 Kenya iliwapoteza wasanii wawili ambao uhakiki wa fasihi haujawatengea nafasi ya kutosha: mchoraji wa vibonzo Terry Hirst, na mwigizaji wa runinga Benson Wanjau, aliyefahamika zaidi kwa jina la Mzee Ojwang. Aghalabu wasanii wa aina hii hukumbukwa kama watumbuizaji tu. Tathmini hiyo si ya uongo, ila ni finyu, kwa sababu inausahau ufundi uliowaunganisha. Kila mmoja wao alisema kwa kinywa cha mtu ambaye hakuwa yeye.

Hirst, mzaliwa wa Uingereza, alifika Kenya katika miaka ya 1960 na kufundisha sanaa katika Chuo cha Kenyatta. Mnamo 1973, yeye na mwanahabari Hilary Ng'weno waliasisi jarida la Joe. Mhusika Joe alikuwa amechipuka katika safu ya Ng'weno gazetini. Hirst ndiye aliyempa sura. Alikuwa mkazi wa kawaida wa Nairobi, anayeyakabili madhila ya mji kwa mzaha. Hadi jarida lilipokoma mwaka 1979, vibonzo vilichapishwa bega kwa bega na hadithi fupi za waandishi wa Kenya. Mpaka baina ya fasihi "pendwa" na fasihi "halisi", unaothaminiwa mno madarasani, haukutambuliwa na jarida hilo.

Wanjau naye alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo. Katika Vitimbi, kipindi cha Sauti ya Kenya, shirika lililokuja kuitwa KBC mwaka 1989, Kiswahili chake kilibeba lafudhi ya Kijaluo, lugha isiyo na sauti /sh/ wala /z/. Sarufi sanifu ingeyaita matamshi hayo makosa. Kifasihi, hata hivyo, ni usawiri wa mhusika, nao ulidai sikio pevu na nidhamu ya miaka mingi.

Yamkini mtu atasaili: je, kuiga lafudhi ya jirani si kumdhihaki? Swali hili ni zito, hasa katika nchi ambamo tofauti za kikabila zimewahi kumwaga damu. Kicheko huwa dhihaka pale lafudhi inapokuwa ndiyo maudhui yenyewe. Katika Vitimbi, kiini cha kicheko kilikuwa majivuno ya mume mbele ya mkewe, Mama Kayai, jambo lisilo na kabila. Hata hivyo, haiwezi kudaiwa kwamba kila mtazamaji alicheka kwa nia moja. Kinyago cha kuazima humkaribisha mtazamaji katika nafsi ya mwenzake, na papo hapo humpa silaha ya kumbeza. Hatari iyo hiyo ilimkabili Mwingereza aliyemchora Mwafrika wa mjini.

Madhali sanaa ya Wanjau ilikuwa katika sauti, na ya Hirst katika mstari wa kalamu, mswada pekee hauwezi kuiwakilisha. Rekodi za Vitimbi na matoleo ya Joe ni matini za msingi, sawa na diwani au tamthilia. Zisipohifadhiwa na kuhakikiwa, kizazi kijacho kitarithi majina mawili na sifa ya kuchekesha, pasi na ushahidi wa namna kicheko hicho kilivyoundwa.