Vichwa vya treni 60 vilivyobadilishwa moyo

Sisi huku Dublin wazima, na baridi ndiyo hiyo tumeshaizoea. Leo siongelei baridi wala zamu za usiku. Nataka niwasimulie kisa cha vichwa vya treni vya hapa Ireland vilivyoitwa A Class. Ni historia ya zamani kidogo, ila someni mpaka mwisho, inatuhusu.

Tuanze na makaa ya mawe. Ireland haina makaa ya kutosha, ilikuwa inategemea yale ya Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilipokuja Waingereza wakabana. Mwanzoni mwa 1947, kwenye baridi kali kupita kiasi, makaa yakaadimika mpaka treni za abiria zikasimamishwa kwa wiki kadhaa. Hebu fikirieni nchi nzima imekaa inatazama reli tupu! Shirika la usafiri la CIÉ, lililoundwa 1945, likaona hapa dawa ni kuachana na mvuke na kwenda kwenye dizeli.

Wakaagiza vichwa 94 kwa mpigo kutoka Metropolitan-Vickers ya Uingereza: 60 vikubwa, ndiyo hivyo A Class, na 34 vidogo, C Class. Kwa nchi iliyokuwa na pesa za mawazo wakati ule, huo ulikuwa mzigo. Halafu reli ya hapa ina upana wa milimita 1,600, wakati reli yetu ya kati ya zamani ni meta moja. Kwa hiyo huwezi kwenda kwa jirani ukanunua kichwa kilichotumika ukakileta kikatembea.

Vikubwa vikaanza kuingia 1955, vimepakwa rangi ya fedha, vinang'aa. Tatizo likawa ndani. Injini ilitengenezwa na Crossley, silinda 8, nguvu za farasi 1,200. Jamani, ile injini ilikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa. Ilitoa moshi, ilivuja mafuta, ilitetemeka, na kuharibika njiani likawa jambo la kawaida. Ile rangi nzuri ya fedha nayo ikachakaa na kujaa masizi.

Wala si Ireland peke yake. Waingereza wenyewe walitengeneza vichwa 20 vyenye injini hiyo hiyo mwaka 1958 na 1959. Vikawasumbua vile vile, wakaamua basi, na kufikia mwisho wa 1968 vyote vilikuwa vimeondolewa kazini, vikiwa na umri wa miaka kama kumi tu. Vingi vikaishia kwenye chuma chakavu.

Ireland ingefanyaje? Kutupa vichwa 60 pamoja na pesa za wananchi haikuwezekana. Ila walikuwa wameshajifunza kitu. Mwaka 1961 walipokea vichwa 15 vya General Motors kutoka Marekani, na 1962 vingine 37, na vile vilikuwa vinapiga kazi bila kuugua ovyo. Mafundi wa karakana kuu ya Inchicore, hapa hapa Dublin, wakawa wamezizoea injini za Kimarekani. Mwaka 1968 wakaanza: wakakifungua kichwa cha A Class, wakatoa injini ya Crossley na kuweka ya General Motors.

Mimi kama nesi hapo ndipo nilipopapenda. Desemba 1967 kule Cape Town, Dk. Christiaan Barnard alikuwa amepandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani. Miezi michache baadaye hawa nao wanapandikiza moyo kwenye chuma! Na walifanya kwa akili. Umeme wa kuzungusha magurudumu ulibaki ule ule wa zamani, kwa hiyo injini mpya ilipunguzwa nguvu, nyingi zikawekwa kwenye farasi 1,325 hivi, ili moyo mpya usipasue mishipa ya zamani.

Kufikia 1971 vichwa vyote 60 vilikuwa vimemaliza upasuaji. Kila kilichotoka kiliongezewa herufi R kwenye namba yake, na baadaye vikapewa namba mpya, 001 hadi 060. Kuanzia hapo ni kazi tu. Vilivuta abiria kwenda Cork na Galway, vilivuta saruji, mbolea na viazi vya sukari. Hata vilipokuja vichwa vyenye nguvu zaidi mwaka 1976 na kuchukua treni za haraka, hivi viliendelea na kazi nyingine. Vya mwisho vilistaafu 1995. Miaka 40! Wenzao wa Uingereza walifikisha kumi. Vinne vimehifadhiwa, kimojawapo ni A39 kilichopo kwenye reli ya makumbusho ya Downpatrick, kaskazini.

Sasa somo lenyewe. Nilipokuwa nafanya kazi nyumbani niliona mashine nzima ya hospitali ikilala stoo miaka kwa kukosa kifaa kimoja, na kila mtu anasubiri wafadhili walete mpya. Kilichoviokoa vichwa hivi si utajiri. Ni kwamba kulikuwa na karakana, kulikuwa na mafundi wenye ujuzi, na kuna mtu alipima akasema ukweli: mwili ni mzima, kinachoumwa ni moyo.

Haya wapendwa, kama hapo mtaani kuna mzee aliyefanya kazi karakana ya reli Morogoro, mkalisheni chini awape kisa cha injini waliyoifufua, halafu mniandikie. Nasubiri. Wasalimieni wazee wote, na watoto wasome kwa bidii.